Walionicheka China walikuwa wananitania

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika, wiki chache zilizopita, kwamba Mtanzania mwenye heshima zake hana sababu ya kwenda China isipokuwa kufuata mzigo au masomo, kwa kuwa huko mitaani atatazamwa kama mnyama wa mbugani, atapigwa picha bila kuombwa na atachekwa mchana kweupe. Sibishi kwamba atatazamwa. Nilitazamwa mimi, tena kwa siku 23 mfululizo, kutoka Shanghai hadi mlima Tai na kurudi. Ninachobisha ni jina alilolipa jambo hilo. Yeye ameliita dharau. Mimi niliyezaliwa katika nchi ambayo mtani anaweza kuja msibani, akaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chake, naliita utani ambao bado haujapata mtu wa kuujibu.

Nijitambulishe kidogo ili wasomaji wapime maneno yangu. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, mwalimu mstaafu wa jiografia, na kwa miaka 34 nilikuwa nikichora mto Yangtze ubaoni kwa chaki ya buluu, nikiwaeleza watoto kwamba una urefu wa kilomita zipatazo 6,300 na kwamba unaingia baharini karibu na Shanghai, pasipo mimi mwenyewe kuuona hata kwa mbali. Nilipolipwa kiinua mgongo, wanangu walitarajia kwamba nitamalizia kupiga plasta nyumba ya kule mtaa wa Kisasa. Nusu ya fedha ilikwenda huko kweli. Sehemu ya nusu iliyobaki ilinunua tiketi na begi la mgongoni, na siku ya kuagana shemeji yangu mmoja alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, kwamba yeye tangu azaliwe hajaona kiinua mgongo kinachopinda mgongo.

Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ana duka la vyombo vya jikoni pale Majengo na huenda Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, mara moja au mbili kwa mwaka. Wafanyabiashara wetu wanaijua Yiwu kuliko wanavyoijua Kondoa. Soko lake la jumla lina vibanda zaidi ya 75,000, na mtu anaweza kutembea humo kutwa nzima akiwa bado yumo kwenye vifungo, zipu na vibanio vya nywele. Katika kibanda kimoja cha vijiko na miiko, mpwa wangu na mama mwenye kibanda walikuwa wakipatana kwa kalkuleta: mama anaandika bei, mpwa anafuta na kuandika yake, mama anavuta pumzi kama aliyechomwa na mwiba, anafuta, anaandika tena. Hakuna neno lililosemwa. Bei ilipokwama kati ya yuan 14 na yuan 9 kwa seti, niliomba kalkuleta, nikaandika 0, nikamrudishia kwa mikono miwili. Yule mama akaitazama, akanitazama mimi, akashika kifua na kujiangusha juu ya maboksi ya vijiko kama mtu aliyepigwa risasi. Majirani wa kibanda cha pili na cha tatu wakaja kuona kulikoni. Alipoinuka, aliandika 1,000, akanikabidhi naye kwa mikono miwili, na tukacheka mpaka mpwa wangu, ambaye ni kijana mtaratibu asiyependa vituko kazini, akaanza kunivuta mkono. Bei ilifungwa kwenye 11. Ananiambia kwamba kwenye kibanda kile alikuwa hajawahi kushuka chini ya 12.

Yeye alibaki kusubiri mzigo wake ufungashwe na kupakiwa kwenye kontena. Mimi nikavaa begi. "Mama mdogo, utapotea," alisema, na nikamjibu kwamba mwalimu wa jiografia akipotea, serikali itamdai mishahara yake yote. Baadaye niligundua kwamba sikuwa nimeacha cheo changu nyuma, kwa kuwa vijana na watoto wengi wa China humwita mwanamke wa rika langu *ayi*, neno ambalo asili yake ni dada wa mama. Nilikuwa mama mdogo Majengo na nikawa mama mdogo wa Hangzhou, Suzhou na Nanjing.

Kuhusu Hangzhou sitaeleza uzuri wa Ziwa la Magharibi, ambalo UNESCO iliiweka mandhari yake katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, maana picha zake zimejaa kwenye kalenda. Nitaeleza habari za mzee mmoja aliyekuwa kando ya ziwa asubuhi, na ndoo ya maji na brashi ndefu kama fagio yenye sponji nchani, akiandika mashairi sakafuni. Anaandika kwa maji matupu. Herufi ya kwanza inakauka yeye akiwa kwenye ya kumi, na hakuna anayesikitika. Mtu wa Dodoma aliyezoea kuulizia ni lini maji ya Mzakwe yatatoka mtaani kwake hawezi kulitazama jambo hilo bila kifua kumbana. Nilisimama nikitikisa kichwa, naye akataka kujua nina tatizo gani, nikamwonyesha kwenye simu, kwa programu ya kutafsiri, kwamba kwetu akina mama wangemnyang'anya ndoo. Akacheka, akachovya brashi na kuandika herufi nne zinazosomeka *Tansangniya*, ndilo jina la nchi yetu kwa Kichina. Kisha akanipa brashi. Nikaandika DODOMA kwa mwandiko wa ubaoni, na wapita njia wakasimama kujaribu kuisoma, na mwalimu aliyelala ndani yangu akaamka: nikawa ninaonyesha silabi kwa ncha ya brashi, do, do, ma, nao wakiitikia, mpaka watu kama 20 wakawa wanaliimba jina la makao makuu yetu kando ya ziwa lile. Jua lilipolikausha neno, mzee akatazama ndoo yake iliyobaki nusu, akanitazama, akaikumbatia na kujifanya anakimbia nayo.

Nakuomba, Mhariri, umuulize msomaji mwenzangu kama hiyo ilikuwa dharau.

Suzhou nilikaa siku 4, mbili zaidi ya nilizopanga, na waliosababisha ni wastaafu wenzangu. Mji huo una bustani za kale zilizoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na unapitiwa na Mfereji Mkuu, ule unaokwenda kutoka Beijing hadi Hangzhou kwa urefu wa karibu kilomita 1,800, ambao nao niliwahi kuuchora ubaoni. Kandokando ya mifereji midogo wazee hucheza mchezo uitwao *xiangqi*. Wachezaji huwa wawili na washauri 15, kila mshauri akiwa na uhakika kwamba mchezaji ni mjinga, kama ilivyo kwenye bao letu. Kete zake ni vipande vya mbao vya duara, vikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, kila kimoja kikiwa kimechongwa herufi, na hupigwa juu ya ubao kwa kishindo ili mpinzani ashtuke. Katikati ya ubao pana mto. Farasi huuvuka, mzinga huuvuka, askari wa miguu huuvuka. Tembo haruhusiwi, kazi yake ni kulinda upande wa nyumbani.

Hilo la tembo sikulijua siku mzee mmoja mwenye soksi nyeupe aliponisukumia kete zake na kuniashiria nicheze. Nilikuwa nimetazama kwa saa nzima, nikajiona nimeiva, nikamnyanyua tembo na kumvusha mto kwa kishindo kama nilivyoona wengine wakifanya. Zogo lililozuka liliwatoa watu kwenye duka la tambi la jirani. Mmoja alimshika tembo wangu kwa vidole viwili, akamrudisha nyumbani na kunitikisia kidole, mwingine akawa anaiga jinsi nilivyoipiga ile kete kwa kujiamini, na wote wakageuka kunitazama waone mgeni huyu atanuna au vipi. Nikatoa simu, nikaandika polepole: "Ninakotoka mimi, tembo alikwenda kunywa maji, akadidimia kwenye tope, na mahali hapo pakaitwa Dodoma. Sasa ninaelewa kwa nini nyinyi mnamkataza." Mzee mwenye soksi nyeupe aliwasomea wenzake kwa sauti. Walinyamaza kidogo, kisha wakaangua kicheko ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka peke yangu nikiwa nachambua mchele. Mwingine, mkubwa wao kwa umri, aliposikia jina la nchi yangu alisema *"Tan-Zan!"*, kisha akapuliza honi ya treni kwa mdomo, na nikaelewa kwamba anaikumbuka TAZARA, reli ya kilomita 1,860 ambayo Wachina waliijenga pamoja nasi na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975. Akauliza, kupitia simu yangu, kama treni yetu inaruhusiwa kuvuka mto. Nikamjibu kwamba inavuka, ila wakati mwingine na yenyewe hukumbuka ya tembo. Tangu siku hiyo mpaka naondoka Suzhou, kila tembo aliyeliwa kwenye ubao ule alipigiwa kelele ya "Dodoma!"

Nanjing ndipo nilipolala kwa shida. Mgeni asiyelala hotelini hutakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24, na hoteli humwandikisha mgeni wake yenyewe; lakini nyumba ndogo za wageni nyingine hazijui utaratibu huo au hazitaki usumbufu wake. Niliyoiendea ilikuwa ya namna hiyo. Binti wa mapokezi aliigeuzageuza pasipoti yangu kama mtu anayetafuta upande wa kuifungulia, akapiga simu mbili, akaniomba radhi, na saa tatu usiku nikajikuta nje na begi langu. Wanaokwenda wajue hilo, na wajue pia kwamba pasipoti ndiyo tiketi ya treni, kwamba WhatsApp haifanyi kazi kwenye intaneti ya huko isipokuwa kwa laini ya nyumbani au kwa ujanja mwingine, na kwamba kununua hata andazi ni kwa kuskani kwenye WeChat au Alipay, kama lipa namba yetu, kwa hiyo kadi ya benki iunganishwe kabla ya safari.

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za uwanja wa karibu, ambako akina mama wa makamo walikuwa wakicheza kwa mistari mbele ya spika yenye magurudumu. Jambo hilo lipo kila mji wa China jioni. Niliwatazama, wao wakanitazama, na wimbo ulipobadilika mmoja wao, mwenye feni ya mkononi iliyoning'inia shingoni, akaja kunishika mkono. Nilicheza vibaya. Walinicheka, tena si kidogo: wawili waliacha kabisa kucheza ili wacheke vizuri. Basi spika ilipotulia niliketi, nikalibana begi katikati ya magoti kama tunavyoibana ngoma ya muheme, nikaanza kulipiga, na kwa mabega nikawaonyesha wafanye nini. Sasa ikawa zamu yangu ya kucheka. Mabega ya watu wazima ambayo hayajawahi kucheza ngoma ya Kigogo yanagoma vibaya sana, na yule mwenye feni alitikisa kila kitu isipokuwa mabega. Ni yeye aliyenipeleka baadaye, mtaa wa tatu, kwenye hoteli inayopokea wageni, akasimama mpaka nilipopewa ufunguo.

Kesho yake, kwenye ngazi 392 za kaburi la Sun Yat-sen, maombi ya picha yalizidi. Familia moja ikimaliza, nyingine imeshajipanga. Hapo niliweka sheria: hakuna picha bila kusema "Mbukwa". Kijana mmoja alijaribu mara tano, kila mara ikitoka na kitu kingine, na bibi yake, ambaye hakuwa anataka picha yoyote, akaisema sawasawa mara ya kwanza na kumpiga mjukuu kibao kidogo cha mgongoni. Kwa jinsi nilivyohesabu, kuna watu wapatao 40 huko Nanjing na kwingineko wanaoweza kumwamkia Mgogo.

Jambo la kutazamwa halikuanza jana, na mji huo ni mahali pazuri pa kulikumbuka. Merikebu za jemadari Zheng He, aliyesafiri Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1405 na 1433 na ambaye msafara wake ulifika pwani ya Afrika Mashariki, nyingi ziliundwa Nanjing. Mwaka 1414 Kaizari Yongle aliletewa twiga kutoka kwa mfalme wa Bengal, na mwaka uliofuata akaletewa mwingine kutoka Malindi. Wachina walimwita *qilin*, jina la mnyama wa kwenye hadithi zao ambaye hutokea pakiwa na heri, na mchoro wa twiga yule wa 1414 ulinakiliwa na umebaki mpaka leo. Kwa hiyo aliyetangulia kutazamwa na kuchorwa huko kutoka upande wetu alikuwa na shingo ndefu kuliko yangu na hakuwa na la kujibu. Mimi ninalo. Dereva mmoja wa teksi aliponiuliza tunafuga nini, nilimwambia twiga, kwamba mimi humpanda kwenda sokoni, na ubaya wake ni kwamba anayekuuzia nyanya yuko chini mno. Alikubali kwa nusu dakika nzima.

Kutoka Nanjing kwenda Tai'an, jimbo la Shandong, ningeweza kupanda treni ya reli ya kasi ya Beijing na Shanghai, iliyofunguliwa mwaka 2011, yenye kilomita 1,318 na mwendo wa hadi kilomita 350 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya SGR yetu inayotuleta Dodoma kwa 160. Nilichagua ile ya polepole, ya viti vigumu, kwa sababu za kifedha ambazo baadaye zilionekana kuwa za busara. Mbele yangu aliketi bibi na mjukuu wa miaka 6 hivi, na kwenye meza palikuwa na lundo la alizeti. Hizi hizi za Singida na Dodoma, ila wao hawazikamui tu. Huzikaanga kwa chumvi au viungo na kuzitafuna. Mbegu inasimamishwa kati ya meno ya mbele, inapasuliwa mara moja, kokwa linabaki ulimini na maganda yanatoka yakiwa mazima. Bibi yule alikuwa akifanya hivyo huku akizungumza, pasipo kutazama, kwa kasi ya cherehani. Mimi nilitoa ganda, kokwa na mate vyote pamoja. Akalia kwa kucheka. Akaushika mkono wangu, akaniwekea mbegu moja tu, akanionyesha kwa meno yake taratibu kama anayemfundisha mtoto, na mjukuu akawa anahesabu nilizofaulu: kabla ya Xuzhou nilikuwa na 7. Nikawaeleza kwamba kwetu ni mafuta, na kwamba mashudu huliwa na ng'ombe. Bibi akasoma tafsiri, akaitazama alama ya meno yangu kwenye lile ganda lililosagika, na kuniuliza kama ng'ombe wetu ndio walionifundisha kula.

Mtoto naye nilimfundisha shikamoo. Nilieleza, kama wengi wetu tunavyoeleza, kwamba maana yake ni kushika miguu ya mkubwa. Simu ikamtafsiria. Aliwaza, akashuka kitini, akainama chini ya meza na kuigusa ncha ya kiatu changu kwa kidole kimoja, haraka, kama mtu anayepima pasi kama imepata moto, kisha akarudi juu na kusubiri. Nikasema marahaba. Akashuka tena. Mpaka tunafika nilikuwa nimeamkiwa zaidi ya mara 30, na bibi aliniongezea mfuko mzima wa alizeti kwa ajili ya mlima.

Mlima Tai una zaidi ya mita 1,500, na ngazi zake za mawe hukadiriwa kuwa karibu 7,000. Makaizari walikuwa wakiupanda kutoa sadaka, na siku hizi watu huupanda usiku ili wawahi macheo, wakikodi makoti makubwa ya kijani ya kijeshi kule juu. Magoti yangu yana miaka 61. Njiani watu huambiana *jiayou*, yaani jikaze, lakini ukilitafsiri neno kwa neno ni "ongeza mafuta". Kila aliyenipita alinipigia kelele hiyo, na walionipita walikuwa wengi, wakiwamo wazee wenye fimbo. Sehemu iitwayo Mapindo Kumi na Manane, ambako ngazi zinasimama kama ukuta, bibi mmoja ambaye bila shaka ananizidi miaka 10 alinipita, akageuka na kusema *jiayou* kwa uso wa kukejeli kabisa. Nikachomoa ule mfuko wa alizeti, nikamnyooshea, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mafuta ndiyo haya. Hakuhitaji simu. Aliketi kwenye ngazi, nami nikaketi, tukazila hapo katikati ya njia watu wakituruka, na nilifurahi kumwonyesha mtu wa Shandong kwamba mimi napasua alizeti kwa meno ya mbele.

Sitaki nionekane napaka rangi. Katika kituo kimoja cha mabasi mwanamume alinisugua mkono kwa kidole alichokilowesha mate, kisha akakitazama kama kimeshika masizi. Nami nikalowesha kidole, nikamsugua yeye shavuni na kukitazama changu. Watu waliokuwa wakingoja basi walicheka. Yeye hakucheka, alikunja uso na kwenda zake, na huyo simweki kwenye hesabu ya watani. Wala sijasahau Aprili 2020 huko Guangzhou, kusini, Waafrika walipofukuzwa kwenye nyumba walizopanga na kwenye hoteli wakati wa korona. Mtu aliyetupiwa mabegi yake barabarani hakupewa kalkuleta ya kuandikia sifuri. Mimi nazungumzia watu wa vibandani, wa viwanjani na wa viti vigumu vya treni, ambao walinichokoza na kusubiri niwachokoze, na nisipofanya hivyo walionekana kuona haya wao, si mimi.

Ndiyo maana barua ya msomaji mwenzangu ilinirudisha hapa kwetu. Kwenye ujenzi wa barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, na kwenye kazi nyingine nyingi, wamo Wachina ambao tunawaona kila siku. Tunawafanyia nini? Bodaboda wanawapigia kelele za "Mchina!" na milio ya mdomo ambayo si Kichina wala lugha yoyote. Watoto wanavuta pembe za macho. Miaka kadhaa iliyopita, sokoni, nilikuwa miongoni mwa watu waliomcheka kijana wa Kichina aliyekuwa akitafuta vitunguu vya "bei lahisi", na niliuona uso wake akigeuka huku na huku, akitafuta nani wa kumweleza nini kinachochekesha. Hakuna aliyemweleza. Nilikuwa na vipindi vya Kiswahili vya kutosha kichwani kumsaidia, nami nikachagua kucheka na kununua nyanya zangu. Nilipokuwa Suzhou, wale wazee waliponigeukia kuona kama nitanuna, uso uliokuja mbele yangu ulikuwa wa kijana yule.

Nimwombe msomaji mwenzangu kitu kimoja tu: kama mwanawe anakwenda Yiwu au Guangzhou kufuata mzigo, na kontena litachelewa wiki moja, kama ilivyo kawaida ya makontena, amwambie asijifungie hotelini na wali wa kukaanga. Achukue begi, apande treni ya bei nafuu, na anayemcheka amcheke. Maneno manne yanatosha kuanzia, na mojawapo ni *chi le ma*, yaani umekula, ambalo watu wa makamo hulitumia kama sisi tunavyotumia habari za asubuhi.

Nami nimelitumia. Jumanne iliyopita, upande wa Nzuguni, nilimkuta fundi mmoja wa Kichina, mwenye fulana ya kung'aa ya barabarani, kwenye benchi la mama lishe ninayemfahamu, na mbele yake ugali wa uwele na mlenda. Bodaboda wawili walikuwa wakimtazama na kuchekeana. Nikamsogelea, nikamsalimu: *"Chi le ma?"* Alishtuka, akanitazama, akatazama sahani. Kisha akachovya tonge, akalinyanyua taratibu, na mlenda ukafuatana nalo kutoka sahanini mpaka usawa wa kidevu chake, akaunyanyua zaidi, nao ukazidi kurefuka. "Bado, mama," akasema kwa Kiswahili. "Nakula tangu asubuhi, haukatiki." Mmoja wa wale bodaboda alicheka mpaka akaegemea pikipiki, kisha akaja kuketi naye kumwonyesha jinsi ya kuukata kwa kidole.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kizota, Dodoma